Kaniki Kwenye Mkono wa Injini

Mwaka 1953 nusura nimuue baba mkwe wangu kwa kipande cha sabuni. Nasema sabuni, na wala sifanyi mzaha.

Nilikuwa na wiki tatu tu tangu niolewe. Kwetu ni Ushirombo, watu wa mihogo na karanga na misa ya Jumapili. Nikaletwa Nkome, ziwani, kwa watu wanaokula samaki asubuhi, na jioni wakamsimulia. Mume wangu Athanas, ambaye Mungu alinipa miaka arobaini na mmoja naye, alikuwa mwangalizi wa injini ya maji. Mgodi wa dhahabu ulikuwa mbali huko vilimani, lakini maji yake yote, ya kuoshea mawe na ya kunywa wazungu na ya kuoga vibarua, yalitoka kwetu. Injini ilikaa ndani ya banda la bati juu ya mwamba. Kutoka bandani bomba lililonenepa kama paja la mtu liliteremka hadi ziwani, likaenda chini ya maji hatua kama themanini, na mdomoni likavalishwa kizimba cha chuma ili lisimeze samaki.

Magugu hayaogopi kizimba. Kila mwezi majani ya ziwani yalijikusanya pale mdomoni, maji yakapungua, mgodi ukalalamika, na hapo ndipo alipoitwa baba mkwe wangu kwenda kuyang'oa.

Jina lake Makoye. Miaka yote aliyoishi sikulitamka. Mke wa mtoto hamtaji mkwe wake, hamtazami usoni, hapiti njia anayopita yeye. Akimwona anakuja anaingia hata kwenye miiba. Leo naliandika kwa sababu kalamu haina haya.

Makoye alikuwa mzamiaji. Karakana ya mgodi ilimtengenezea kofia kutokana na nusu ya pipa la mafuta, ikatiwa kioo mbele na uzito wa risasi mabegani, na mpira mrefu wa kumpelekea hewa. Juu, kwenye chelezo, mtu mmoja alipiga pampu ya mkono kumpa pumzi, mwingine akashika kamba aliyofungwa kiunoni. Akishuka hukaa chini mpaka birika zima la chai lipoe. Na alishuka uchi, maana nguo hunasa kwenye vyuma vya kizimba. Kwa sababu hiyo siku ya kazi wanawake hawakukanyaga ufukwe ule, na nyumbani hakuna aliyethubutu kunieleza kazi yenyewe inafanywaje. Utamwelezaje bibi harusi habari za mkwe wake asiye na nguo? Nilijua anazama. Zaidi ya hapo masikio yangu yalifungiwa mlango.

Lakini tulizungumza, mimi na yeye, kwa njia yetu. Jioni wanaume wakila uani, mimi nikiwa jikoni na mama mkwe wangu Zipora, sauti ya baba mkwe ilipenya ukutani.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyoka wangu, kichwa ziwani, mkia mgodini, anakunywa kutwa nzima na hakojoi."

Shemeji yangu Mihayo, mdogo wake Athanas, alikurupuka: "Mamba!"

"Mamba ana mkia mgodini? Nipe mji."

"Chukua Mwanza."

"Mwanza nilikwenda, nikataka sato wakaniuzia kichwa tu. Nipe mwingine."

Mimi nikamnong'oneza Zipora, na Zipora akapaza sauti: "Kuna mtu huku anasema ni bomba."

Nikamsikia baba mkwe akicheka peke yake uani. "Mwambieni huyo mtu wa huko, mji wangu siuchukui tena." Nililala na furaha siku ile kama niliyepewa ng'ombe.

Jioni ile ile Mihayo aliuliza, "Na huyo nyoka wako, baba, anauma?"

"Hana meno. Injini ikiwa imezimwa ni bomba tu, mtie hata kidole. Ikiwaka, mdomo wake usiukaribie. Watu wanadhani unavutwa. Huvutwi! Ziwa lote linakuja kukukalia mgongoni, na ziwa halina adabu ya kuinuka."

Kwa hiyo nilijua: injini ikilala ni salama, ikiamka ni kifo. Nisichokijua kilikuwa kitu kidogo tu. Kabla ya kushuka, Makoye alivua kaniki yake bandani, akaitundika kwenye mkono wa injini, ule mkono wa chuma wa kuizungusha mpaka iwake, akajifunga gunia kiunoni na kwenda zake chelezoni. Kaniki ikining'inia pale, hata Gavana haruhusiwi kuwasha. Akitoka majini huja kuichukua mwenyewe. Hakukuwa na kibao wala maandishi. Wengi hawakujua kusoma, lakini kila mtu aliijua kaniki ya Makoye. Kila mtu ila mimi.

Sasa siku yenyewe. Siku nyingine zote Athanas hukaa bandani na injini yake. Siku ile mpiga hewa alikuwa anatetemeka kwa homa, na Athanas akaenda kushika pampu ya mkono kwenye chelezo. Mihayo alikuwa kwenye kamba. Injini ikabaki na kaniki peke yake.

Mimi nilibeba michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na mchuzi wa karanga kumpelekea mume wangu bandani, kama kila siku. Nikaita, kimya. Nikachungulia, hakuna mtu. Injini imelala. Na pale kwenye mkono wa chuma, mbele ya macho yangu, kaniki ya baba mkwe, nyeusi kwa rangi yake na nyeusi zaidi kwa mafuta, inanuka grisi na samaki.

Niliwaza: Athanas amegeuza nguo ya baba yake kitambaa cha kufutia injini! Halafu nikawaza jambo la pili, na hilo ndilo lililonichoma. Jana yake tu, mahali tunapofulia, wanawake walinicheka. Mmoja alisema, "Huyu wa misheni anajua kusoma sabuni, kuitumia hajui." Wote wakaangua kicheko, na mimi nikainamia maji. Watu wakimwona mkwe wangu na kaniki ile, watasema nini? Watasema Makoye ameoza na nyumbani kuna mke mpya wa mtoto.

Kuigusa kwa mkono mtupu sikuweza, ni nguo ya mkwe. Nikaizungushia upande wa kanga yangu, nikaitoa pale taratibu kama mtu anayetoa kifaranga chini ya kuku, nikaiacha michembe juu ya debe, nikashuka.

Mahali pa kufulia ni nyuma ya mwamba, kidimbwi kilichojificha. Kutoka pale chelezo hakionekani. Nililoweka, nikapaka sabuni, nikaanza kusugua juu ya jiwe. Mafuta yalikuwa sugu. Nikaona fahari: nitaianika, itakauka, nitaikunja nimpe Zipora, na Zipora ataipeleka bila kusema neno, na mzee atajua.

Nikasikia lori. Lilitoka mgodini, nilijua kwa mlio wa giaboksi. Sikujali. Nikageuza upande wa pili wa nguo. Nikasikia mlango wa banda, bati likilia. Nikasikia sauti ya mwanamume ikiita, "Athanas! We Athanas!" Ikaita mara mbili. Upepo ulitoka ziwani, ukairudisha ile sauti bara; chelezoni haikufika. Nikasema moyoni, atamkuta tu.

Halafu injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikashika: du, du, du, du, na mwamba wote ukaanza kutetemeka chini ya magoti yangu.

Hata hapo, nisameheni, sikuelewa. Nilidhani kazi imekwisha, mzee ametoka. Lakini kitu kilinikataza kuendelea kusugua. Mikono ilisimama ndani ya povu. Kama ametoka, mbona hakuna aliyepita hapa juu? Kama ametoka, amevaa nini?

Zipora akatokea juu ya njia na kikapu kichwani. "Nani amewasha?" aliuliza, si mimi, bali hewa. Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono yangu. Kikapu kikaanguka. Dagaa wakamwagika wote kwenye majani.

"Hiyo nguo umeitoa wapi?"

"Bandani, mama. Ilikuwa chafu, ime..."

"Ilikuwa kwenye mkono?"

"Ndiyo."

"Mayu wee! Mwenye nguo yuko chini! Kimbia!"

Sikuuliza chini wapi. Nilikwea ule mwamba na kaniki mkononi, povu linanichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilipofika mahali penye mwanya nikageuza shingo, nikaona chelezo. Athanas alikuwa amepiga magoti anapampu kama mwendawazimu, bila kuinua kichwa, kwa maana akiacha tu pumzi ya baba yake inakwisha. Mihayo alikuwa ameegemea nyuma na kamba imekaza kama waya. Kinywa chake kilikuwa wazi. Alikuwa anapiga kelele na mimi sikusikia ila du, du, du.

Mlangoni mwa banda alisimama Eustace, nyapara wa mgodini, anajifuta mikono, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimemwona mara moja tu. Nikafika mbele yake, na je, mnajua nilifanya nini? Nilipiga goti! Mguu wenyewe ulipinda, ulivyofundishwa tangu utoto, mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo..."

"Marahaba, binti!" alinipigia kelele masikioni, akicheka. "Leo maji yenu yamelala! Kinu cha kusagia mawe kule kimesimama tangu alfajiri, bwana mkubwa anataka kula watu! Mumeo yuko wapi?"

"Zima!"

"Ati?"

"Zima! Yuko chini! Mtu yuko chini!"

"Mtu gani? Nimetazama kwenye mkono, hakuna nguo! Nimeita na kuita!"

Nikainua kaniki mbele ya uso wake. Maji ya sabuni yalimrukia machoni. Naona mpaka leo jinsi rangi ilivyomtoka, kuanzia midomoni. Aligeuka akaingia ndani, akafunga mafuta.

Lakini injini ile haikuzimika kama taa. Ilikuwa na gurudumu la chuma zito kuliko lori lenyewe, na gurudumu likishaamka halilali kwa kuambiwa. Mafuta yamefungwa, nalo linazunguka, du... du... du... na kila duru ilikuwa ni ziwa likimkandamiza mtu. Eustace akachukua ubao, akausukuma mkanda wa pampu kwa ubavu. Ubao ukarushwa ukagonga bati. Akachukua mwingine. Mkanda ukatoka, ukachapa ukuta kama mjeledi, na ndani ya bomba tukasikia maji yaliyokuwa njiani kwenda juu yakirudi nyuma, gbugbugbu, kuelekea ziwani.

Nikaanza kuteremka mbio kwenda ufukweni.

Huko chini, haya tulikuja kuambiwa baadaye, Makoye alikuwa anafunga kwa waya upande wa kizimba uliovunjika. Pengo lake lilikuwa la upana wa kichwa cha mbuzi. Injini iliposhika, mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye lile pengo. Bomba likauchukua mpaka begani, ubavu wake ukaziba tundu lote, na ziwa likamkalia. Alisema hakuweza hata kukunja kidole. Alisikia mifupa yake mwenyewe ndani ya kofia kama mtu anayetafuna karanga. Kofia iliinama, maji yakapanda hadi kidevuni, hadi mdomoni, akabaki anavuta pumzi kwa pua iliyogusa juu ya pipa. Maji yaliporudi yalimtema. Akajichomoa kwenye kofia kwa mkono wa kushoto, akapanda.

Nilifika ufukweni Mihayo akiwa majini, anaogelea kwa mkono mmoja, na mwingine umemshika baba yake kidevuni. Maji nyuma yao yalikuwa mekundu. Athanas alikuwa bado anakuja kutoka chelezoni. Mihayo aliponiona, katika hali ile ile ya kufa na kupona, alipiga yowe:

"Shemeji, geuka! Geuka, yuko uchi!"

Na mimi nikageuka. Nikawapa mgongo. Nikaingia ziwani kinyumenyume, hatua kwa hatua, mikono nyuma, nimeshika kaniki kwa ncha mbili ili wamfunike. Maji yakafika magotini, yakafika mapajani. Nilitazama mwamba na nyuma yangu nasikia mtu anakoroma kama ng'ombe aliyechinjwa vibaya.

"Chukueni!" nikasema. "Nguo hii hapa, chukueni!"

Hakuna aliyechukua. Nikasikia Mihayo akiteleza kwenye jiwe, nikasikia pwaa, na kukoroma kukakatika.

Nikageuka.

Nilimwona mkwe wangu mzima mzima, kutoka utosini, na uso wake ulikuwa chini ya maji. Nikamkamata kwapani. Mwanamume mzito, anateleza kama kambare. Nikamwinua kichwa, nikakiegemeza kifuani pangu, Mihayo akainuka akashika miguu, tukamburuta hadi mchangani. Athanas alipofika alimlaza kifudifudi akamkandamiza mgongo. Maji yakatoka. Yakatoka tena. Halafu kikohozi, na baada ya kikohozi laana moja ya Kisukuma ambayo sitaiandika. Zipora aliposikia ile laana akaketi chini na kulia kwa furaha.

Nikamfunika. Mkono wa kulia sikutaka kuutazama. Ulikuwa umevuliwa ngozi na kupondwa kama kisamvu kilichotwangwa, na kiganja kimetazama kusikotakiwa.

Eustace akashuka mbio. Athanas akainuka, akamkaba koo.

"Umeitupa wapi kaniki? Umeitupa wapi, uwashe upate sifa?"

"Naapa kwa Bikira Maria, Athanas, sikuikuta!"

"Muongo! Mimi niliiona kwa macho yangu inatundikwa!"

"Sikuikuta!"

"Utasema ukweli ukiwa majini!" Na kweli alianza kumburuta, na Mihayo naye akamsogelea kumsaidia.

Makoye akafungua macho. "Nani alitoa nguo yangu?"

Mimi nilikuwa nyuma ya Zipora, mahali pangu. Zipora alijua. Hakugeuza kichwa, aliniachia niseme mwenyewe. Ningeweza kukaa kimya. Eustace alikuwa mtu wa kuja, nyapara, hakuna ambaye angemlilia. Neno lolote kwa mkwe hupitia kinywa cha mwingine, na hapakuwa na kinywa cha kulipeleka neno kama lile.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Nilikwenda kuifua."

Athanas alimwachia Eustace. Alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Makoye aliinua kichwa kidogo, akaitazama kaniki iliyomfunika, bado ina povu pindoni, kisha akanitazama mimi, usoni, kwa mara ya kwanza.

"Ilikuwa chafu sana?"

"Sana, baba."

Akafumba macho. "Mpandisheni kwenye lori na yeye. Anishike huu mkono. Nyie wengine mna mikono ya kukaba watu."

Nilikaa nyuma ya lori mpaka hospitali ya mgodi, mkono wa mkwe wangu umelazwa mapajani pangu, naushikilia juu kama alivyoniambia Eustace, damu isishuke. Kila shimo la barabara nilimwuliza, "Baba, upo?" Kila shimo alijibu, "Nipo." Palipokuwa hapana shimo niliuliza pia. Daktari alikata vidole viwili, akaufunga mkono kwa plasta. Kifundo hakikupinda tena maisha yake yote.

Wakwe walikaa kikao, kama inavyopasa. Aliyemwona mkwe uchi ana doa. Nikapewa kuku mweupe kuondoa aibu, nasi tukamla, mguu mmoja mimi na mwingine baba mkwe. Wazee wakasema basi, mambo yarudi yalivyokuwa.

Magugu yalirudi kwanza. Wiki ya tano mgodi ulituma watu kusema maji yamepungua, nani atazama? Athanas akasema yeye. Nilimsihi, nikamlilia, nikamwambia turudi Ushirombo tulime karanga.

"Kizimba kile nani mwingine anakijua?" alinijibu. "Baba alinishusha mara tatu. Wakimleta mtu wa mbali atakufa siku ya kwanza."

Makoye alikuwa amekaa ukutani, mkono wake umefungwa kitambaa shingoni. Hakumtuma Zipora. Alizungumza na mimi moja kwa moja, mbele ya watu.

"Nguo haitoshi. Nguo haina mdomo. Binti huyu ndiye atakaa kwenye mkono wa injini, aushike mpaka mtu atoke. Mimi nitakaa kwenye mwanya wa mwamba, naona chelezo, naona banda. Nitamwita, ataitika."

Zipora aliruka. "Baba Athanas! Wewe na mkwe wako mtaitana juu ya mwamba kama watoto wachunga mbuzi? Watu watasema nini?"

"Alishaniona uchi, mama. Amebakiza nini?"

Hivyo asubuhi ile nilikaa kwenye sakafu ya banda, nimeukumbatia mkono wa chuma kwa mikono yote miwili, mgongo kwenye gurudumu. Chuma kilikuwa baridi, halafu kikawa moto, halafu kikalowa jasho langu. Sikuona ziwa. Niliona mlango na kipande cha mbingu. Nzi alinitembea shavuni nikamwacha. Nilijaribu kusali Salamu Maria, nikaikosea katikati, nikaanza upya, nikaikosea pale pale.

"Binti!"

"Abee, baba!"

"Ameshuka!"

Nikahesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu. Lori likaja. Nikasikia mlango wake, hatua, kisha Eustace akasimama mlangoni. Alinitazama, akautazama mkono wa chuma na vidole vyangu. Alifungua kinywa kusema jambo la kinu, maana kinu hakikosi jambo, akakifunga. Akavua kofia, akavuta debe, akaketi nje kwenye jua.

"Binti!"

"Abee!"

"Kamba imetikisika kidogo. Si kitu."

Si kitu gani? Inatikisikaje? Nilitaka kuinuka nikachungulie, hatua tatu tu, mlango ule pale. Miguu ilikuwa imekwisha kunja magoti ili isimame. Nikairudisha. Nikalaza shavu juu ya chuma.

"Binti!"

"Abee, baba! Ametoka?"

"Bado."